Muhula mmoja Leipzig: nimsadiki kaka wa nchi saba au dada aliyelia Desemba nzima?

SWALI: Shikamoo mwalimu. Mimi ni binti wa Dunda, hapa hapa Bagamoyo. Nasoma chuo Dar, na Oktoba naingia mwaka wa tatu. Nimechaguliwa kwenda Ujerumani, mji wa Leipzig, muhula mmoja wa kubadilishana wanafunzi, ruzuku ni Euro 900 kwa mwezi. Nimewauliza waliotangulia. Kaka mmoja ananiambia ni raha tupu, yeye alizunguka nchi saba na picha kanitumia. Dada mwingine anasema alilia Desemba nzima, na aliporudi akakuta kozi alizosoma hazihesabiwi, akarudia muhula. Nimsadiki nani? Tena mama yangu anakaanga samaki pale sokoni ufukweni, na ndugu wameshaanza kusema nikirudi nyumba yetu inaezekwa. Hiyo fedha itatosha kuweka akiba? Na nikiwa huko nitembee, au nikae nisome?

JIBU: Marahaba mwanangu, na hongera.

Wasadiki wote wawili. Kabla sijarudi Bagamoyo kula pensheni nilikaa miaka 17 kwenye ofisi ya wanafunzi wa kubadilishana katika chuo kimoja cha Dar, na hao kaka na dada yako nawafahamu. Walikuwa wakinijia kila Aprili. Mara nyingine walikuwa mtu mmoja: mchana yuko kantini anasimulia treni ya Paris, saa tisa yuko mlangoni kwangu, transkripti, yaani karatasi ya matokeo, mkononi, sauti imemkauka. Mtu husimulia kwa kumwangalia anayesikiliza. Na picha nazo zina upendeleo wake. Hakuna anayepiga picha Jumapili ya Novemba, maduka yote yamefungwa, manyunyu hayakatiki, yuko peke yake na sufuria ya wali. Kaka yako ameipitia Jumapili hiyo, ila hakukutumia.

Kwa hiyo achana na nani mkweli, tutazame kilichowatenganisha. Kwa niliyoyaona mimi ni mambo mawili: karatasi zilizotiwa sahihi kabla ya kupanda ndege, na watu waliopatikana kabla giza halijaingia. Nikisema giza sitii chumvi, nitakueleza.

Nianze na karatasi, maana hapo ndipo wengi wanapoumia, na wanaumia wakiwa bado Dar.

Kila mwanafunzi wa kubadilishana huwa na hati inayoitwa makubaliano ya masomo. Inaorodhesha kozi utakazosoma kule na kozi za kwenu zitakazohesabiwa kuwa umezisoma. Inataka sahihi tatu: yako, ya chuo chako na ya chuo kinachokupokea. Wanafunzi huijaza kama wanavyojaza fomu ya hosteli, haraka haraka, ili ruzuku itoke. Usifanye hivyo. Kaa na mkuu wa idara yako, kozi kwa kozi, akuambie hii itasimama mahali pa ipi. Asipokubali kozi fulani, bora akatae leo kuliko Aprili.

Halafu kuna hesabu ya krediti, ambayo imewatoa machozi vijana wenye akili zao. Ulaya muhula mzima ni krediti 30, na kila krediti ni saa 25 mpaka 30 za kazi ya mwanafunzi, darasani na nje ya darasa. Kwetu krediti moja ni saa 10, na mwaka ni krediti 120, yaani 60 kwa muhula. Kwa hiyo nusu mwaka wa kule, 30, ni sawa na nusu mwaka wa huku, 60. Krediti moja ya huko ibebe mbili za kwetu. Ukihesabu kwa saa, ni zaidi ya mbili. Sasa mwanafunzi wangu mmoja alirudi na kozi sita alizozifaulu vizuri, krediti 5 kila moja, jumla 30. Ofisa mitihani akaziandika 30 vile vile, akamwambia amepungukiwa nusu ya muhula. Kijana alikuwa amemaliza mzigo mzima! Tulizunguka na barua miezi miwili. Omba mapema maandishi ya idara yanayosema krediti moja ya huko ni ngapi za hapa. Mstari mmoja, sahihi na mhuri, basi.

Alama nazo zina kituko chake. Wajerumani huhesabu kinyume na sisi: 1.0 ndiyo ya juu kabisa, 4.0 ndiyo mwisho wa kufaulu, 5.0 umeanguka. Kwetu 5 ndiyo A. Nilipata binti aliyerudi na 1.3 kwenye kozi ngumu, alama ya kutamba nayo mtaa mzima, na mtu mmoja ofisini akaiona akamwandikia sapu, yaani mtihani wa kurudia. Nilicheka, yeye hakucheka. Chuo cha kule kikikupa transkripti, hakikisha ina karatasi ya nyuma inayofafanua alama. Ikikosekana iombe ukiwa bado huko. Ukisharudi, barua pepe zako zinageuka kuwa za mtu wa mbali.

Na kozi zitabadilika, nakuahidi. Utafika utakuta moja imefutwa, nyingine inagongana na ratiba, ya tatu walisema inafundishwa kwa Kiingereza kumbe ni Kijerumani kitupu. Si msiba. Kuna ukurasa wa mabadiliko kwenye hati ile ile, na hujazwa wiki za mwanzo, ukatiwa sahihi zile zile tatu. Huyo dada yako nadhani alikwama hapa: alibadilisha kozi, akasoma kwa bidii, asimwambie mtu nyumbani. Idara ikapokea transkripti yenye majina ambayo haijawahi kuyaona.

Wewe una la ziada kwa kuwa unaingia mwaka wa tatu. Muhula wao wa baridi kwenye makaratasi ni 1 Oktoba mpaka 31 Machi. Vipindi huanza katikati ya Oktoba vikaisha Februari, kisha ndiyo mitihani na insha ndefu. Kama idara yako inaanza utafiti wa mwisho muhula huo huo, ujue utakuwa na msimamizi wako kwa barua pepe tu. Kama unapata bumu, yaani fedha ya mkopo wa wanafunzi, pita kwa ofisa mikopo wa chuo umweleze kwa maandishi kwamba hujaacha masomo. Mwingine alidhani chuo "kinajua". Chuo hakijui kitu. Wanaojua ni watu, na watu huhama ofisi.

Sasa fedha. Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu ya huyo mama na samaki wake.

Euro 900 ukizigeuza shilingi zinapita milioni mbili. Ndugu wakisikia milioni mbili kila mwezi wanaona mabati. Lakini zile fedha hazitalala Bagamoyo, zitalala Leipzig, na Leipzig ina bei zake. Chumba cha hosteli ya wanafunzi kiweke Euro 300 mpaka 400. Bima ya afya ni lazima, huandikishwi chuoni bila hiyo, na ile ya kawaida ya wanafunzi inakaribia 150 kwa mwezi. Chakula, ukipika mwenyewe na kula kantini ya chuo mara chache kwa wiki, 200 na kitu. Kuna mchango wa muhula unaolipwa mara moja. Uliza kama umebeba na tiketi ya usafiri wa mji, maana hapo utaokoa nyingi. Kuna ada ya redio na televisheni, Euro 18.36 kwa mwezi kwa kila nyumba, uwe na televisheni usiwe nayo. Barua yake itakufikia, na wengi huitupa wakidhani ni tangazo. Usiitupe, kama mnaishi wanne kwenye nyumba moja mnagawana. Weka na simu, daftari, dawa ya mafua. Ukijumlisha unaona kinachobaki ni kama Euro 100, na mwezi wa kwanza hakibaki kitu kwa sababu ya amana ya chumba na blanketi na sufuria.

Uliza pia ruzuku ni ya miezi mitano au sita, na inatoka vipi. Mara nyingi haiji mwezi kwa mwezi kama mshahara. Huja fungu kubwa mwanzoni, na salio baadaye, wengine mpaka warudi na wapeleke karatasi. Fungu kubwa ni mtihani kwa kijana. Ligawe kwa miezi siku ile ile linapoingia.

Kuna shimo jingine ambalo huenda hujaambiwa. Kwa viza ya masomo Ujerumani inataka uthibitisho kwamba una fedha za kujikimu, na tangu Septemba 2024 kiwango chake ni Euro 992 kwa mwezi, 11,904 kwa mwaka. Ruzuku yako ni 900. Hiyo 92 iliyopungua, mara miezi sita, ni Euro 552, na unaweza kutakiwa uioneshe, ama kwa akaunti iliyofungwa ambayo unatoa kiasi maalumu tu kila mwezi, ama kwa njia nyingine wanayoikubali. Mwandikie mratibu wa Leipzig wiki hii, muulize barua ya ruzuku itatosha au ubalozi utataka nyongeza, na jibu lake uliweke kwenye faili la viza. Usisubiri kuulizwa dirishani.

Kuhusu ndugu, nitakuambia nililofanya mimi, usilifanye. Nilikwenda Ujerumani 1996 kwa shahada ya pili, na mwezi wa pili tu nikatuma nyumbani karibu nusu ya fedha yangu, kwa sababu mjomba aliandika barua kwamba paa linavuja. Nikakaa wiki tatu kwa mkate na siagi. Nilipougua meno sikuwa na la kufanya. Paa lenyewe nilikuja kulikuta bado linavuja, fedha ilikwenda kwenye harusi. Simlaumu mjomba; mimi ndiye niliyemwachia aamini nina mali. Kaa na mama kabla hujaondoka, umsomee hesabu hiyo kama nilivyokuandikia, kodi kiasi hiki, bima kiasi hiki. Mama anayekaanga samaki anajua biashara kuliko profesa. Anajua tofauti ya fedha iliyoingia na faida. Kisha yeye ndiye atakayewajibu ndugu, na kwake hawatabisha.

Kazi ya vibarua inaruhusiwa. Tangu Machi 2024 mwanafunzi wa kutoka nje ya Ulaya anaweza kufanya siku nzima 140 kwa mwaka, au nusu siku 280. Ila kwa muhula mmoja mimi sikushauri uitafute kabla ya Desemba. Miezi miwili ya kwanza ina kazi yake, na hiyo haina malipo ya saa.

Kazi hiyo ni kutafuta watu.

Sisi wa pwani jua letu halina hila. Linachomoza kama saa kumi na mbili, linazama saa kumi na mbili na kitu, Januari mpaka Desemba. Leipzig mwezi wa Desemba jua linatoka baada ya saa mbili asubuhi na saa kumi jioni limekwisha, na katikati hapo mara nyingi ni wingu la rangi ya sinia ya bati. Jumapili ya mwisho ya Oktoba wanarudisha saa nyuma, kwa hiyo siku moja tu jioni inakatwa: Ijumaa ulitoka darasani ukaona mwanga, Jumatatu ukitoka ni usiku. Hakuna anayekuonya kuhusu Jumatatu hiyo. Mwili unadhani ni wakati wa kulala, na akili inafuata mwili. Unaanza kukosa kipindi cha asubuhi, kisha unakosa viwili, kisha unakula kitandani, kisha unapiga simu nyumbani usiku kucha, na simu ya nyumbani ni tamu lakini inakuacha pale pale ulipo. Huko ndiko kulia Desemba nzima. Dada yako hakuwa dhaifu, ila Desemba ilimkuta peke yake.

Kwa hiyo wiki sita za kwanza, kuanzia Oktoba, kila mwaliko uende. Hata wa kuchosha. Hata wa kucheza michezo ya ubao na watu wasiocheka. Wajerumani hawafunguki kama sisi barazani. Mtu anaweza kukaa nawe jirani miezi mitatu akakuambia habari za asubuhi tu. Lakini akisema Alhamisi saa moja jioni njoo tupike, amemaanisha Alhamisi hiyo na saa moja hiyo, na amekwisha kununua viazi. Usimwambie inshallah halafu usitokee. Kwetu inaeleweka, kwake umemvunjia heshima.

Na saa zenyewe zina mtego kwa Mswahili. Mjerumani akikuambia "halb drei", yaani nusu tatu, anamaanisha nusu kuelekea tatu, saa nane na nusu mchana kwa hesabu yetu. Tafsiri mara mbili kichwani utafika saa tisa na nusu, mwenzako ameshanawa mikono. Chuoni nako kipindi kilichoandikwa saa nne kamili mara nyingi huanza saa nne na robo. Robo hiyo ni mila ya vyuo vyao. Siku ya kwanza mimi niliwahi dakika kumi, nikakaa peke yangu ukumbini, nikadhani nimekosea jengo.

Una bahati ya mji. Chuo Kikuu cha Leipzig ni cha tangu 1409, na wana idara ya mambo ya Afrika ambako Kiswahili kinafundishwa. Nenda huko wiki ya kwanza, usingoje wiki ya nne. Sema tu natoka Bagamoyo, Kiswahili ndicho lugha ya mama. Watakushika mkono. Kuna vijana wa Kijerumani wanaohangaika na ngeli za majina, wanatafuta mtu wa kuzungumza naye. Wewe unatafuta wa kukusahihisha Kijerumani chako. Mnakutana mara moja kwa wiki, nusu saa lugha hii, nusu saa ile. Wanafunzi wangu waliofanya hivyo sikumbuki hata mmoja aliyeniandikia Desemba akitaka kukatisha.

Chakula usikihofie. Kuna mtaa unaitwa Eisenbahnstraße, maduka ya Waarabu na Waturuki yamejaa, nyama halali utaipata, na bamia, na maharage, na viungo. Ramadhani siku hizi inaangukia Februari; mchana wa huko bado mfupi, kufunga si kazi, kazi ni kufuturu peke yako. Hapo tena nakurudisha kwenye watu. Usibebe nyama wala maziwa, Ulaya hawaruhusu kuingiza kutoka nje. Beba majani ya chai, iliki, mdalasini, na kanga nne: mbili zako, mbili za kumpa mtu aliyekutendea wema. Koti la baridi linunue Karume kwenye mitumba kabla hujaondoka. Makoti mazito pale hayana mteja, kwa joto lile nani atalivaa? Utauziwa kwa bei ya fulana, na huenda unalirudisha lilikotoka.

Ukilemewa zaidi ya huzuni ya kawaida, yaani usingizi umekimbia wiki mbili, huli, huoni sababu ya kuamka, nenda kwa washauri wa huduma za wanafunzi. Ni bure, na si kwa wendawazimu kama tunavyodhani huku. Mimi nilichelewa kwenda, kwa aibu.

Ubaguzi upo. Sitakuficha, wala sitakutisha. Utakuta kwenye tramu kiti cha pembeni yako kimeachwa wazi wakati watu wamesimama. Utakuta karani anayepaza sauti kana kwamba wewe ni kiziwi. Huko mashariki mwa Ujerumani kuna miji midogo ambayo usiku wa Jumamosi, baada ya mechi ya mpira, mimi nisingeshuka stesheni peke yangu. Uliza wenyeji weusi, wao wanajua mtaa na saa. Mtu akikutukana au kukugusa, usibaki nalo chumbani: andika tarehe, saa, namba ya tramu, upeleke kwenye ofisi ya usawa ya chuo.

Utembee au ukae usome, umeuliza. Tembea, mwanangu. Ila nchi saba kwa muhula mmoja ni kuona stesheni saba.

Kwa sheria, viza yako ya masomo, na kibali cha ukaazi utakachopewa baadaye, vinakuruhusu kutembelea nchi nyingine za Schengen, yaani zile za Ulaya zinazotumia viza moja, jumla siku 90 ndani ya kila siku 180. Schengen sasa ni nchi 29. Uingereza haimo. Ireland haimo, ingawa ni ya Umoja wa Ulaya, na hili limemponza mwanafunzi wangu mmoja: alinunua tiketi ya bei chee ya Dublin, akafika uwanja wa ndege na begi lake, hata ndege hakuipanda. Tiketi za bei chee hazirudishwi. Pasipoti tembea nayo hata ukienda Prague kwa siku moja. Tangu Septemba 2024 Ujerumani imerudisha ukaguzi kwenye mipaka yake yote ya nchi kavu, na basi linaweza kusimamishwa. Na kama viza inakaribia kuisha, umepewa karatasi ya muda ya kungojea kibali, hiyo inakutosha ndani ya Ujerumani. Kabla hujavuka nayo mpaka uliza ofisi ya wageni kwanza. Nikumbushe hapo hapo: ukishahamia chumbani una wiki mbili za kujiandikisha kwenye ofisi ya mji, na barua ya mwenye nyumba uwe nayo. Bila usajili huo mengine yote yanakwama, kuanzia kibali chenyewe.

Lakini kabla ya Prague na Paris, mimi ningeanza na Leipzig yenyewe. Kuna makumbusho yanaitwa Grassi, yana vitu vilivyochukuliwa huku kwetu. Hans Meyer, yule anayeandikwa kuwa alifika kilele cha Kibo 1889, alikuwa mtu wa Leipzig. Mwaka mmoja kabla, 1888, alikamatwa upande wa Pangani na watu wa Abushiri, waliokuwa wakipigana na Wajerumani pwani hii yote, Bagamoyo ikiwamo, akaachiliwa kwa fidia. Babu zetu walimshika, wakamwachia, akarudi akapanda mlima, na jina lake likaandikwa. Simama mbele ya vile vitu vya Tanzania kwenye kabati la kioo, halafu uniandikie ulichohisi. Mimi nilihisi hasira na fahari kwa pamoja, nikakosa mtu wa kumwambia.

Kisha panda treni nenda Berlin, saa moja na robo tu kwa treni ya haraka. Mwaka 1900 mtu wa hapa hapa Bagamoyo, Mtoro bin Mwinyi Bakari, alikwenda Berlin kufundisha Kiswahili. Darasani kwake walikaa Wajerumani waliokuwa wakiandaliwa kuja kututawala. Maandishi yake juu ya desturi za Waswahili bado yanasomwa mpaka leo. Alioa Mjerumani, na 1905 walipojaribu kurudi nyumbani wakuu wa koloni wakawazuia, wakarudishwa Ulaya. Alifia Berlin 1927. Nakusimulia haya kwa sababu nyumbani wanakuambia wewe ni wa kwanza wa Dunda kwenda Ujerumani. Huenda ni wa kwanza wa ukoo wenu. Wa Bagamoyo wa kwanza si wewe, na yule alikaa peke yake kuliko utakavyokaa, bila simu, na wanafunzi wake wengine hawakupenda kufundishwa na mtu mweusi.

Safari ndefu, ya siku tano au sita, iweke kwenye likizo ya Krismasi. Sababu yake si picha. Hosteli huwa tupu wiki mbili hizo, kila Mjerumani kwao, hata kantini ya chuo imefungwa. Nenda na mwenzako mmoja mliyezoeana tangu Oktoba. Na mtu akikualika kwao kijijini kula chakula cha Krismasi, acha Paris, nenda kijijini. Beba ile kanga ya tatu.

Naona bado hujaniuliza kama uende, ingawa ndilo lililokuleta. Karatasi mbili zikitiwa sahihi, makubaliano ya masomo na ile ya krediti, nenda. Idara ikikataa kuzitia, ahirisha ruzuku kama wanaruhusu, au iachie. Kurudia muhula mzima mwaka wa tatu ni gharama ambayo mama yako atailipa kwa samaki.

Jumamosi baada ya alasiri huwa nipo barazani kwangu. Njoo na mama, aje na daftari lake la hesabu za mauzo, wewe njoo na barua ya ruzuku na orodha ya kozi. Tutaanza na daftari la mama.